Legacy B4 kuukuu: tafuta kwanza farasi waliovuja

Wenye Subaru Legacy B4 za turbo (ile pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi na kuisukumia injini hewa zaidi) wanaokuja kwangu Industrial Area, Nairobi, karibu wote huanza na ombi moja: "Fundi, niongezee nguvu, lakini mfuko ni mdogo." Nami huwauliza kama zile nguvu gari lilizotoka nazo kiwandani bado zipo. Mara nyingi hazipo. Zimevujia njiani, na kuzirudisha ni rahisi kuliko kununua nyingine.

Nazungumzia umbo la 2003 hadi 2009, lile wajuzi huliita BL5, ambalo lilipotoka lilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani. Toleo la 2.0GT la gia za mkono lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, la otomatiki 260. Injini ni EJ20, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagiza gari lililopita miaka minane, haziji tena. Tulizo nazo ndizo hizo, zimepita mikono mingi, na kila mkono umeacha alama yake: waya zilizofungwa kwa selotepu, boliti isiyo ya mahali pake, klampu ya mpira wa gesi ya jikoni kwenye bomba la turbo. Mapenzi hayajapungua hata hivyo. Baadhi yetu tulikua tukimshangilia Patrick Njiru akiwa na Subaru kwenye Safari Rally, kisha Colin McRae akaja kushinda hapa 1997 na Richard Burns 2000, wote wakiendesha Impreza. Ugonjwa huo hauna dawa.

Sasa twende kwenye kazi. Kabla hujanunua chochote, pima kama hewa inavuja popote kati ya chujio la hewa na injini. Kifaa chake unajitengenezea. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua kifuniko cha bomba la plastiki kinachotosha mdomo wa mpira unaopeleka hewa kwenye turbo. Kitoboe katikati, upachike valvu ya tairi la tyubulesi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa boksi la chujio la hewa pamoja na sensa yake, ziba ule mdomo kwa kifuniko, kaza klampu, halafu tia upepo wa kompresa polepole hadi nusu baa (baa ni kipimo cha presha). Usipite baa moja. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni ya unga na uanze kunyunyiza kila kiungo.

Tazama hasa sehemu tatu. Ya kwanza ni intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ile iliyokaa juu ya injini: katikati ni alumini lakini ncha zake ni plastiki, na miaka ya joto huifanya plastiki ipasuke pale inapoungana na chuma. Ya pili ni mpira mfupi kati ya turbo na intakula. Ya tatu ni ule mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye turbo, unaopita chini ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayozigawia silinda hewa. Huo hukauka na kupasuka upande wa chini, ambako jicho halifiki bila kioo. Upepo kidogo utapitia silinda ambazo valvu zake ziko wazi, utausikia ukitokea kwenye eksozi. Huo usikusumbue.

Mteja mmoja wa Umoja aliletwa na rafiki yake baada ya kuambiwa kwingine kwamba turbo imekufa anunue nyingine. Gari lilikuwa zito kupanda mlima, linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli kama limefungwa mrija. Tulipotia upepo, povu likatokea kwenye ile ncha ya plastiki upande wa kushoto wa intakula, mstari mrefu kama kidole. Turbo haikuwa na neno. Tukapata intakula iliyotumika Kirinyaga Road, tukaipima kwa njia hiyo hiyo palepale dukani kabla ya kulipa (muuzaji alinuna kidogo), tukaifunga, gari likaamka.

Moshi ule mweusi una maelezo yake. Sensa ya hewa iko mwanzoni kabisa, inapima hewa inayoingia, na kompyuta inamwaga petroli kwa hesabu hiyo. Hewa ikitoroka baada ya kupimwa, petroli yake inabaki: plagi zinakuwa nyeusi, nguvu zinapungua, na wewe unakuwa mgeni wa kila siku wa petroli stesheni. Ndiyo maana sipendi kufunga ile valvu inayotema hewa nje kwa kelele kila ukiachia mafuta. Ni uvujaji ule ule, tofauti ni kwamba huu umeulipia.

Tukiwa kwenye kelele, kuna ombi jingine nalolisikia sana.

"Fundi, mbona yangu hailii kama Impreza ya jirani?"

"Yako ni twin-scroll, bosi, turbo yenye njia mbili za kupokea moshi. Mabomba yake ya eksozi yana urefu sawa."

Ule mngurumo wa Subaru hutokana na mabomba yasiyolingana urefu kati ya silinda na turbo. BL5 ya turbo iliyosawazishwa hivyo huanza kuvuta mapema, lakini inanyamaza. Kuirudishia mngurumo ni kubadilisha mabomba na turbo, kisha unabaki na gari linalochelewa kuamka. Mimi nisingefanya, lakini gari ni lako.

Oili sasa, na hapa sina mzaha. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inategemea oili inayopita kwenye kijibomba chembamba. Ndani ya boliti yenye tundu inayoshika kijibomba hicho kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili ikiachwa izeeke, tope hukiziba, na turbo hufa ikiwa na kiu huku kijiti cha oili kikionyesha injini imejaa. Fungua boliti hiyo, safisha wavu au weka mpya, badilisha na washa zake za shaba. Ni kazi ya nusu siku na pesa ndogo mno ukilinganisha na turbo. Baada ya hapo badilisha oili kila kilomita 5,000, nunua mahali unapopaamini, na kagua kijiti kila wiki, kwa sababu injini hizi hunywa oili bila kuaga.

Mkanda wa taimingi una kikomo cha kilomita 100,000. Huna rekodi? Basi wakati wake umefika. Badilisha pamoja na tenshona (kikaza mkanda), puli zake na pampu ya maji, kwani pampu inazungushwa na mkanda huo huo na ukiiacha ya zamani utarudi kufungua kila kitu upya. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Kwenye miguu ya gari sina mengi. Bushi za nyuma, ile mipira ya kwenye viungo, zikiwa zimeisha, gari huyumba kwenye kona na watu husema linahitaji springi fupi. Linahitaji bushi. Kukata springi ni kuharibu gari kwa makusudi, na matuta yetu yatakumalizia lililobaki. Shokamzoba mpya za kawaida na bushi nzima zitakufanya ujiulize ulikuwa ukiendesha nini. Breki nazo: oili yake ibadilishwe yote, maana ya zamani hunywa unyevu na huchemka ukishuka Mai Mahiu ukiwa umekanyaga pedali muda mrefu. Tairi za mtumba zisome tarehe ubavuni, namba nne, mbili za wiki na mbili za mwaka.

Rimu zina mtego ambao wauzaji wengi hawausemi. B4 hii ina boliti tano kwenye duara la milimita 100, sawa na Toyota kadhaa ndogo, kwa hiyo utaambiwa rimu za Premio zitaingia moja kwa moja. Haziingii. Kitovu cha Subaru kina milimita 56.1 na tundu la rimu ya Toyota hiyo ni 54.1. Ama fundi wa lethi alipanue kwa usahihi, ama utafute za Subaru. Ukimwona mtu analazimisha kwa nyundo, chukua rimu zako uondoke.

Yote hayo yakishakaa sawa ndipo tuzungumze kuongeza presha ya turbo. Na hapa Nairobi yenyewe inaingia kwenye hesabu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ya nje ina kama baa 0.83 tu. Geji ya turbo husoma presha iliyo juu ya hewa ya nje, kwa hiyo ikionyesha baa 1, silinda zinapata jumla ya 1.83. Shuka nayo Mombasa: geji inaonyesha baa 1 ile ile, lakini jumla sasa ni 2.01. Ni karibu asilimia 10 zaidi, katika joto la pwani, kwa injini iliyoandaliwa kwa petroli bora ya Japani ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kuwaka mapema) ambayo super yetu haiifikii. Kompyuta ya kiwandani ina namna ya kujirekebisha. Kile kivalvu cha kuongeza presha ya turbo kwa kuzungusha kwa mkono, kinachouzwa bei poa, hakijui uko Nairobi au Mtwapa. Petroli huanza kuwaka kabla ya wakati wake, na pistoni ya silinda ya nne huwa ya kwanza kupasuka ukingo wa ringi.

Ukitaka kujua injini yako inavumilia kiasi gani, isome. Waya wa kuunganisha kwenye soketi chini ya usukani, kompyuta ya mkononi ya zamani, na RomRaider, programu ya bure iliyoandikwa kwa ajili ya Subaru, vinatosha. Angalia kipimo kinachoitwa IAM. Kikiwa 1, kompyuta inaiamini petroli yako. Kikishuka chini ya hapo ukiwa bado hujaongeza chochote, ina maana imeshasikia injini ikilalamika, na jibu si presha zaidi.

Kama injini imeshaharibika na umeamua kununua ya mtumba kutoka Japani, omba ipimwe kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, silinda zote nne mbele yako, fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna tope, na hakikisha ni ya turbo ya aina hiyo hiyo, kwa sababu EJ20 ziko nyingi na nyaya zake hazifanani. Namba yake ifike NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kuingia kwenye logbook, ukiwa na risiti ya muuzaji mkononi. Mnunuzi anayejua magari hufungua boneti na kulinganisha namba hiyo kabla hata hajauliza bei.