Makadirio ya umri wa mti mkubwa

Makadirio ya umri wa mti ni hesabu ya miaka ambayo mti umeishi, inayofanywa kutokana na dalili zilizomo katika mti wenyewe au kumbukumbu zinazouhusu, pale ambapo hakuna aliyeandika mwaka ulipoota. Jibu lake la haki huwa na kiwango cha chini na cha juu, na anayetaja mwaka mmoja tu bila kueleza ameupataje amesema jambo asiloweza kulithibitisha. Nalisisitiza hilo kwa kuwa nchini Uganda miti mikongwe inaheshimiwa sana, na idadi ya miaka hupita kinywa hadi kinywa mpaka ikaonekana kana kwamba ilipimwa. Mti wa Nakayima ulio juu ya kilima cha Mubende, ambako watu huenda kuomba na kutoa sadaka, husemwa kuwa na zaidi ya miaka 400. Simulizi za wazee ni ushahidi mzuri kwamba mahali pale pametukuzwa tangu kale, ila umri wa mahali na umri wa shina ni mambo mawili tofauti.

Njia inayojulikana zaidi ni kuhesabu pete za ukuaji, yaani mistari ya duara inayoonekana shina likikatwa. Kila mwaka tabaka hai lililo chini ya gome huongeza mbao mpya, na katika nchi zenye majira ya baridi kali ukuaji husimama kabisa, hivyo mpaka kati ya mwaka na mwaka huonekana wazi. Uganda imepitiwa na ikweta. Sehemu kubwa ya kusini hupata mvua mara mbili, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, kwa hiyo mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka, au usiweke hata moja iliyo wazi. Ukikitazama kisiki kilichokatwa karibuni kwa makini, utaona mistari mingine ikianza upande mmoja na kupotelea kwenye mwingine kabla ya kukamilisha mzunguko, na anayehesabu upande wa kulia hupata jawabu tofauti na wa kushoto. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, kwenye kiangazi kimoja kirefu, pete zina nafasi nzuri zaidi ya kulingana na miaka.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hakuna anayetaka kuukata mti mkongwe ili ajue umri wake, wengi hutegemea unene. Utepe huzungushwa shinani kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, au juu zaidi ikiwa mti una mizizi mipana iliyopanda na kuliegemeza shina, maana kuizungushia utepe mizizi hiyo ni kuupa mti unene usio wake. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo, na kipenyo kikigawanywa kwa wastani wa ongezeko la mwaka hutoa umri. Chukua mvule wenye mzingo wa sentimita 471: kipenyo chake ni sentimita 150. Tukichukulia kwamba uliongezeka sentimita 1 kila mwaka, una miaka 150. Tukichukulia nusu sentimita, una miaka 300. Utepe haukubadilika, ila dhana yetu tu.

Ndiyo maana ukubwa peke yake hudanganya. Mti uitwao musizi hukua upesi sana penye mwanga, ilhali muhimbi, mti wa mbao ngumu wa msitu wa Budongo magharibi mwa Uganda, hukua polepole, na muhimbi mwembamba unaweza kuuzidi musizi mnene kwa miaka mingi. Hata katika aina moja, mche uliokulia kivulini unaweza kudumaa kwa miongo kadhaa kabla ya jirani yake kuanguka na kuufungulia jua. Wastani wa kuaminika hupatikana kwa kupima miti ileile tena na tena, kama ilivyofanyika Budongo katika viwanja vya vipimo vilivyoanzishwa na mtaalamu wa misitu W. J. Eggeling miaka ya 1930 na 1940.

Mbao kongwe kuliko zote ziko katikati ya shina, na hapo ndipo uozo hupenda kuanzia. Mti wenye uwazi ndani umepoteza miaka yake ya mwanzo, na sampuli ya ukingoni hutoa umri wa chini tu. Kipimo cha kaboni-14, aina ya kaboni iliyomo kwenye mbao ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, husaidia kwa miti ya kale sana, na kimetumika kwa mibuyu ya kusini mwa Afrika. Kwa mbao za kati ya mwaka 1650 na 1950, hata hivyo, kipimo kimoja huweza kutoa tarehe kadhaa zilizoachana sana, na mingi ya miti tunayoiulizia ilikua katika kipindi hichohicho.

Kumbukumbu za watu huziba baadhi ya mapengo hayo. Picha ya zamani, mpaka wa shamba au mwaka ambao aina ngeni ililetwa nchini huweka kikomo: mkaratusi, ambao asili yake ni Australia, hauwezi kuwa na miaka mingi kuliko tangu mbegu zake zifike. Anayetaka kumwachia mjukuu wake hesabu bora na aandike mzingo, tarehe na kimo alichopimia, kisha aweke alama ya rangi pale utepe ulipopita, kwa kuwa kupima juu au chini kidogo tu ya hapo kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko ongezeko la mwaka mzima.