Jeti ndogo ya kabureta haipunguzi ulaji wa mafuta

Hii imani ni ya zamani sana, eti gari la kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli) likibwia mafuta we weka tu jeti ndogo, yaani kale katundu kanakopitisha petroli, basi. Ukweli ni kwamba hewa na petroli vinataka uwiano wa kama 14.7 kwa 1 kwa uzito, sasa ukibana jeti hewa inazidi, gari linakohoa ukikanyaga, kwahiyo unazidi kukanyaga, na injini inapata joto mpaka valvu za egzosti zinaweza kuungua. Umeokoa nini hapo?

Mara nyingi mwizi wa mafuta yuko kwenye distribyuta jamani, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi. Kale kakopo ka bati pembeni kana utando wa mpira ndani, kazi yake kuwahisha cheche ukiwa unatembea taratibu ili petroli iungue vizuri. Chomoa kibomba chake upande wa kabureta, fungua kofia ya distribyuta, fyonza kwa mdomo: sahani ya ndani lazima isogee kidogo na ibaki hapohapo ukiziba kwa ulimi. Hewa ikipita, mpira umechanika, badilisha. Halafu cheki choki (kile kifuniko kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi) kama inafunguka yote, nyanyua magurudumu uyazungushe uone kama breki zinakamata. Jeti rudishia saizi ya kiwandani.