Marufuku ya sigara kampasi: maswali ambayo wanafunzi huniuliza kila mara

Kazi yangu ni kuongea na wanafunzi wa vyuo hapa Kenya kuhusu tumbaku. Ukumbini mikono haiinuki sana, lakini nikianza kukusanya vitu vyangu nitoke ndio wanakuja mmoja mmoja na maswali, mengine ya hasira kabisa. Nimeyaweka hapa yale yanayorudi sana. Na msimamo wangu niuseme mapema: marufuku naiunga mkono bila kusita, ila marufuku bila msaada wa kuacha ni kazi nusu, na hilo wanafunzi wenyewe ndio wamenifundisha.

Swali: Kwani hii ni sheria ama ni wakubwa wa chuo wameamua tu kutusumbua?

Ni sheria. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa 2007 ikaanza kutumika 2008, na inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, taasisi za elimu zikiwemo. Ukishikwa, faini inaweza kufika shilingi 50,000 ama kifungo cha hadi miezi 6, ama vyote viwili. Sasa sheria hiyohiyo inakataza kuuza sigara mojamoja, pakiti lazima iwe na angalau sigara 10, lakini hebu pita nje ya geti jioni uone: pakiti imefunguliwa iko kando ya peremende, kiberiti kimefungwa kwa uzi hapo dirishani ili kisipotee, komredi ananunua fegi moja, anaiwashia hapohapo, akimaliza anatupia mnanaa mdomoni anarudi klasi. Wengi wanaanzia hapo, kwa sababu pesa ya pakiti nzima mwanafunzi hana lakini ya moja hakosi. Ndio maana nikisikia chuo kinasema "tumepiga marufuku" na kibanda kiko hatua chache kutoka getini najua kazi haijaisha. Majirani zetu Uganda, kwa sheria yao ya 2015, wameenda mbali zaidi: huruhusiwi kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na umri wa kuuziwa ni miaka 21, kwa hivyo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawafai kuuziwa kabisa.

Swali: Si wanafunzi wengi wanapinga lakini?

Sivyo ninavyosikia mimi. Huwa nauliza ukumbini, kati ya wanafunzi 10 mnadhani wangapi huvuta, na majibu yanakuja 5, wengine 6, kuna hata wa 7. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku Kenya ni asilimia 11.6, wanaume asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5. Hiyo ni nchi nzima, sio vyuo peke yake, lakini ona vile tunavyokisia mbali. Mvutaji anaonekana na ananukia, asiyevuta hakuna mtu anamhesabu. Na hilo kosa la hesabu lina madhara, kwa sababu kijana akiamini kila mtu anavuta anaona yeye ndiye amebaki nyuma, alafu asiyevuta naye ananyamaza akidhani yuko peke yake kumbe wao ndio wengi.

Hata wavutaji wenyewe, ukikaa nao vizuri, wengi wanakubali hosteli, maktaba na mesi visiwe na moshi, hakuna anayependa kulala kwenye shuka inanuka fegi. Mvutano unaanza tukifika nje, uwanjani, chini ya miti, na zaidi sana kwa namna watu wanavyoshikwa. Kijana mmoja aliniambia askari alimpigia kelele mbele ya klasi yake yote kama mwizi, tangu siku hiyo anavutia chooni. Huyo sheria haijamsaidia, na sasa moshi umerudi ndani kwa wenzake.

Swali: Nje kuna hewa, moshi si unaenda tu?

Unapungua haraka ukiwa mbali, hiyo ni kweli, na nje si sawa na ndani. Lakini ukiwa umekaa karibu na anayevuta, upepo unakuja upande wako, unavuta moshi mwingi kuliko unavyofikiri. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000 na zisizopungua 69 zinajulikana kusababisha saratani, na wataalamu walishasema wazi hakuna kiwango cha moshi wa mwenzako ambacho ni salama. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wao wenyewe, walivutishwa tu moshi wa wengine.

Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili ana pumu, chumba chake kiko karibu na ngazi ambapo vijana husimama usiku wakivuta dirisha likiwa wazi. Alikuwa anaweka leso yenye maji chini ya mlango na inhela juu ya mto. Hakuwahi kuripoti kwa sababu hakutaka kuitwa msumbufu. Mtu akiniambia moshi unaenda, namfikiria huyo dada, maana unapoenda kuna mtu analala.

Swali: Marufuku inafanya kazi kweli ama ni kuhamisha watu tu?

Inafanya kazi, na kuna mfano mzuri Marekani. Chuo Kikuu cha Indiana pale Bloomington kilipiga marufuku sigara kampasi nzima mwanzo wa 2008. Watafiti wakalinganisha na chuo kingine cha jimbo hilohilo, Purdue, ambacho hakikuwa na marufuku ya aina hiyo. Kutoka 2007 hadi 2009, wavutaji Indiana walishuka kutoka asilimia 16.5 hadi 12.8, Purdue wakatoka 9.5 wakafika 10.1. Sio muujiza, lakini kwenye chuo cha maelfu ya watu hiyo tofauti ni vijana wengi sana ambao hawakuanza ama waliacha. Sababu ni kwamba fegi ya kijana inategemea nafasi, ile ya baada ya CAT (mtihani mdogo wa katikati ya muhula), ile ya kupiga stori nje ya lecha holo, ukiondoa hizo nafasi yule wa kuvuta mara mojamoja anakosa pa kuzoelea.

Swali: Mimi ni mtu mzima, mwili ni wangu, mbona mniamulie?

Swali la haki kabisa hili na sipendi likipuuzwa. Marufuku haisemi usivute maisha yako yote, inasema usivutie hapa ambapo mwenzako hana pa kukimbilia. Ila niongeze kitu kimoja: ubongo unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na nikotini inafika kwenye ubongo sekunde kama 10 tu baada ya kuvuta, ndio maana wanaoanza mapema hunasa zaidi. Wengi wameniambia "nitaacha nikigradueti". Nimekutana na baadhi yao baadaye, wako kazini, bado wanavuta, na sasa wana pesa ya pakiti nzima.

Swali: Mimi sivuti sigara, natumia veipu, ile sigara ya kielektroniki, na wengine vile vifuko vya nikotini vya mdomoni. Inanihusu?

Inakuhusu. Vifuko vya nikotini havina moshi, kwa hivyo jirani yako hadhuriki, lakini wewe unajifunga kwa nikotini ileile, na nimeona vijana ambao hawajawahi kugusa sigara hawawezi kumaliza lekcha moja bila kifuko chini ya mdomo. Veipu inatoa mvuke wenye nikotini na chembechembe ndogo sana, sio maji tu. Na shisha ndiyo inadanganya wengi: kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mara 100 ya sigara moja au zaidi, yale maji hayachuji sumu. Chuo kikiandika sheria yake kiseme tumbaku na nikotini zote, kisiseme "sigara" pekee.

Swali: Rumeti wangu anavuta chumbani, nimwambie aje bila kukosana?

Usimwambie akiwa ameishika mkononi, na usimwambie mbele ya watu. Ngoja mko wawili, muongee kuhusu chumba, sio kuhusu tabia yake. Kitu kama "ndugu yangu, kifua kinanibana usiku, naomba chumbani tusivute kabisa, hata dirishani." Wengi wanakubali kuliko mnavyotarajia. Akikataa nenda kwa anayesimamia hosteli, hiyo sio umbea, ni afya yako.

Swali: Nataka kuacha, lakini nikiacha nakasirika na sisomi. Nifanyeje?

Hiyo hasira na kukosa usingizi ni nikotini inatoka, huwa kali zaidi siku 2 au 3 za kwanza, alafu kwa wengi inapungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Kwa hivyo usichague wiki ya mitihani, chagua wiki za mwanzo wa muhula ama likizo. Ile hamu ikipanda huwa inakaa dakika chache tu, kunywa maji, toka utembee, pigia mtu simu. Badilisha njia kama kibanda kiko njiani. Kama unavuta nyingi uliza kwenye zahanati ya chuo ama famasi kuhusu gamu na patchi za nikotini, zinasaidia kweli na hazina moshi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, unapiga unaongea na mtu. Ndani ya saa 12 tu kaboni monoksaidi kwenye damu inarudi kawaida, na baada ya mwaka hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Ukiteleza ukavuta moja usiseme basi imeshindikana, tupa iliyobaki uendelee kesho yake, wengi waliofaulu walijaribu zaidi ya mara moja.