Maana ya nyumba ya kiunzi cha mbao

Nyumba ya kiunzi cha mbao ni jengo ambalo uzito wa paa na ghorofa hubebwa na nguzo na boriti zilizounganishwa, huku ukuta ukijaza tu nafasi zilizoachwa katikati. Aliyewahi kuona nyumba ya fito ikikandikwa udongo ataielewa upesi.

Mfano mzuri ni George Inn, nyumba ya wageni iliyoko katika kijiji cha Norton St Philip, Somerset, Uingereza, ambayo ilikuwa mali ya watawa wa monasteri ya Hinton. Sehemu ya chini ni ya mawe, lakini ghorofa mbili za juu, zilizojengwa katika karne ya 15, ni za kiunzi cha mbao, na kila moja imechomoza mbele kuipita iliyo chini yake. Boriti za sakafu zilipitishwa nje ya ukuta, na ukuta wa juu ukasimamishwa kwenye ncha hizo. Uzito wake hukandamiza ncha na kupunguza kubonyea kwa sakafu ndani. Juu huko ndiko zilikohifadhiwa sufu na vitambaa vya wafanyabiashara waliokuja kwenye magulio ya sufu.

Uzuri hasa wa kazi hii, kwa maoni yangu, umo katika maungio. Mafundi wa zama hizo waliuchonga mwaloni ungali mbichi, kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Ncha ya boriti ilichongwa iwe ulimi, ikaingizwa katika tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kikapigiliwa kupitia vyote viwili. Tundu la kigingi katika ulimi lilitobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la nguzo, ili kigingi kinapoingia kiuvute ulimi na kuubana kabisa. Kwa kuwa kiunzi kilichongwa na kujaribiwa kikiwa kimelazwa chini, kila ungio lilitiwa alama, mara nyingi tarakimu za Kirumi, na alama hizo bado husomeka katika majengo mengi.

Nafasi kati ya nguzo zilizibwa kwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha zikapakwa chokaa. Kwa hiyo fito zikioza au udongo ukibomoka, fundi huviondoa na kukandika upya, na paa halitikisiki.