Juu au Chini: Dhana Potofu Zinazoharibu Mchezo wa Karata Unapotaka Kuukuza

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Karata moja inafunuliwa, mchezaji anasema inayofuata itakuwa juu au chini, inafunuliwa, safari inaendelea. Marekani uliingia runingani mwaka 1978 kwa jina la Card Sharks, NBC, mwendeshaji akiwa Jim Perry, kisha ukarudi CBS mwaka 1986 na Bob Eubanks. Uingereza, ITV ilianza kuurusha mwaka 1980 kama Play Your Cards Right, ukiendeshwa na Bruce Forsyth. Mfumo wa Marekani ulikuwa hivi: wachezaji wawili, kila mmoja na seti yake ya karata 52 na safu ya karata tano. Swali huamua nani anashika zamu. Mshindi wa swali anaweza kubadilisha karata yake ya mwanzo, na anaweza kufunga safu pale alipofika ili asipoteze alichokwisha kukipata. Akikosea, karata alizofungua zinaondolewa na anarudi mwanzo, au alipofunga mara ya mwisho.

Wanaotaka kuufanya mkubwa zaidi, wawe wa kituo cha runinga, ukumbi wa sherehe au kikundi cha wapenda michezo ya mezani, huanguka kwenye mashimo yale yale.

Dhana: Ni bahati tupu, nusu kwa nusu.

Hapana. Tuseme 2 ndiyo ndogo kabisa na ree ndiyo kubwa kabisa, kama walivyofanya Marekani. Karata ya katikati inakuwa 8. Ukisimama juu ya 8, kati ya karata 51 zilizobaki 24 ziko juu, 24 ziko chini na 3 ni 8 nyingine. Jozi, yaani karata inayolingana na iliyotangulia, ikihesabiwa kukosea, nafasi yako ni 24 kwa 51, yaani asilimia 47. Huko kweli ni kurusha sarafu, tena sarafu iliyokupendelea kidogo upande wa hasara. Lakini 8 ni moja tu katika karata 13. Ukisimama juu ya 3, karata 44 zinakubeba. Jumlisha karata zote 13, mchezaji anayefuata hesabu atapatia ubashiri wa kwanza kwa asilimia 72.

Ruhusa ya kubadilisha karata ya mwanzo inapandisha zaidi. Kwa ubashiri mmoja, kanuni ni hii: ukipewa kitu chochote kuanzia 5 hadi J, badilisha, ukipewa 2, 3, 4, Q, K au ree, baki nayo. Anayefanya hivyo anafika karibu asilimia 79. Wachezaji wengi huibadilisha 7 au 8 lakini huing'ang'ania 5 kwa kuiona ndogo. Ndogo yake haitoshi: 5 inakupa 36 kwa 51, wastani wa karata mpya unaizidi kidogo.

Dhana: Asilimia hiyo 72 inabaki pale pale katika kila karata.

Hili ndilo kosa linalowapita hata wanaojua hesabu. Wanachukua 0.72, wanaizidisha kwa yenyewe mara nne, wanadhani wamemaliza. Tazama kinachotokea mezani. Umesimama juu ya 3, unasema juu, inatoka 9. Umepatia, watu wanapiga makofi. Lakini sasa uko juu ya 9, karibu kabisa na shimo. Unasema chini, inatoka 7. Umepatia tena, na uko pabaya vilevile. Ree au 2 hupatikana kwa kupatia kutoka upande mmoja tu. 7 na 8 hupatikana kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo kupatia kwenyewe kunamvuta mchezaji kuelekea katikati, na kuanzia ubashiri wa pili nafasi yake inashuka hadi karibu asilimia 69 na nusu, ikatulia hapo.

Kwa maneno ya safu nzima, bila kubadilisha wala kufunga: safu ya karata tano, yaani bashiri nne, inamalizika bila kosa karibu mara 24 katika 100. Karata saba, mara 12. Karata kumi, mara 4.

Dhana: Kuukuza mchezo ni kuongeza karata kwenye safu.

Ndilo wazo la kwanza la kila mtu, na ndilo baya kuliko yote likiachwa peke yake. Safu ya tano humalizika kwa wastani wa majaribio manne hivi. Safu ya kumi, kwa sheria zile zile na bila mtu kufunga, inahitaji majaribio 25. Hakuna watazamaji watakaovumilia kumwona mtu akirudishwa karata ya kwanza mara 24.

Kinachotibu ni vituo. Weka kituo kwenye karata ya 4 na ya 7: mchezaji akikifikia, amefunga hapo moja kwa moja, na akikosea baadaye anarudia kituoni badala ya mwanzo. Bashiri tisa zinakuwa vipande vitatu vya bashiri tatu. Kila kipande kinapitwa mara moja katika tatu hivi, maana yake kwa wastani ni kukosea mara mbili kwa kila kipande, na safu nzima inamalizika ndani ya zamu saba hivi. Kutoka 25 hadi 7, bila kugusa kitu kingine. Haki ya kufunga kwa hiari ibaki vilevile: mchezaji aliyefika karata ya 6 na kuiona 8 lazima awe na la kuamua, vinginevyo mchezo unajicheza wenyewe.

Safu ikirefuka, kuna kitu kingine kinachovunjika kimyakimya, nacho ni swali la mwisho. Katika mchezo wa asili, ikifika hapo bila mshindi, anayepata swali la mwisho huchagua: acheze karata zake zote zilizobaki bila nafasi ya kufunga, au ampitishie mpinzani acheze yeye. Anayekosea anampa mwenzake ushindi. Kukiwa na bashiri mbili mbele, nafasi ya kuzimaliza ni karibu nusu kamili, kwa hiyo uamuzi unategemea karata uliyosimama juu yake, na hapo ndipo penye utamu. Kukiwa na bashiri tisa, anayepitisha anashinda mara 96 katika 100. Swali limegeuka kuwa ndiyo mchezo wote. Kwenye safu ndefu, sheria ya swali la mwisho iseme hivi: zinachezwa karata tatu tu, ile unayosimama juu yake na mbili zinazofuata.

Dhana: Jozi ni jambo dogo, tutaamua likitokea.

Litatokea. Kwa seti moja, kila karata inayofunuliwa ina nafasi 3 kwa 51 ya kufanana na iliyotangulia, ambayo ni moja kwa 17 kamili. Kwenye jioni yenye karata mia moja zilizofunuliwa, tarajia sita hivi. Forsyth alikuwa na kauli yake maarufu ya kuwakumbusha watu kwamba jozi haikupi kitu katika mchezo huu. Katika raundi ya dau ya Marekani, ambayo mchezaji huweka fedha kwenye kila ubashiri, jozi ilianza kwa kuhesabiwa hasara, baadaye ikawa sare na dau likarudi kwa mwenyewe.

Tofauti ya sheria hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jozi ikiwa hasara, hata ree si salama: mtu anaweka kila senti, anasema chini, inatoka ree nyingine. Jozi ikiwa sare, ree na 2 haziwezi kumwangusha kabisa. Kwenye safu ya karata kumi, kuifanya jozi sare na kufunua nyingine kunapandisha nafasi ya kumaliza kutoka 4 hadi karibu 7 katika 100. Ushauri wetu: kwenye safu kuu jozi iwe kosa, kwa sababu inaleta kelele ukumbini, kwenye dau iwe sare, kwa sababu pale mtu anapoteza fedha. Wengine hupendekeza kutumia alama kuamua jozi, shupaza ikiizidi kopa, kopa ikiizidi uru, uru ikiizidi pau. Kwenye karatasi inapendeza. Ukumbini, nusu ya watu watakuwa bado wanauliza uru ni ipi wakati karata inayofuata imeshafunuliwa.

Na ree yenyewe iandikwe kwenye sheria, kwa herufi kubwa, kwamba iko juu. Kuna wanaoihesabu kama moja tangu utotoni. Ikiwa moja, karata ya katikati inahama kutoka 8 hadi 7, na ugomvi wa kwanza utatoka hapo.

Dhana: Karata tatu zaidi kwenye raundi ya dau, bajeti itaongezeka kidogo.

Raundi ya dau ya mwaka 1978 ilikuwa na dau saba. Mchezaji alipewa dola 200, akaweka dau mara tatu kwenye mstari wa chini, akaongezewa dola 200, akaweka mara tatu mstari wa kati, kisha dau moja kubwa la juu ambalo lisipungue nusu ya alichonacho. Dau la chini kabisa lilikuwa dola 50. Aliyeweka vyote kila mara na kupatia kila mara angeondoka na dola 28,800: 200 inakuwa 1,600, ukiongeza 200 ni 1,800, inakuwa 14,400, inakuwa 28,800. CBS walipofanya nyongeza ya kati kuwa dola 400, kilele kikawa 32,000. Dola 200 tu katikati, 3,200 kileleni.

Sasa ongeza dau tatu. Kilele kinazidishwa kwa nane. Wastani wa malipo kwa mchezaji jasiri haupandi mara nane, lakini unapanda karibu mara 2.7, kwa kuwa kila dau la ziada linazidisha fedha kwa takriban 1.39. Mwenye bajeti anayetazama kilele tu ataogopa bure. Anayehesabu kwa kuongeza badala ya kuzidisha atafilisika. Ukitaka mistari zaidi, punguza fedha ya kuanzia, au weka ukomo kwamba kwenye mistari ya chini dau lisizidi nusu ya fedha iliyopo.

Dhana: Seti moja inatosha wachezaji wote, au basi changanya seti nyingi.

Seti moja kwa watu watatu humpa wa mwisho habari za bure, maana ameona karata za wenzake zikitoka. Kila mmoja awe na yake, mgongo wa rangi tofauti. Kwa safu ya kumi piga hesabu mapema: zamu moja inaweza kula karata kumi, yaani moja ya kubadilisha na tisa za kufungua. Zamu sita ni karata 60, na seti ina 52. Suluhisho ni kuweka seti ya pili iliyokwisha kuchangwa pembeni, ianze kutumika mwanzoni mwa zamu, kamwe si katikati. Kuzichanganya mbili ziwe moja kunabadili jozi kutoka 3 kwa 51 hadi 7 kwa 103, asilimia 5.9 hadi 6.8. Si janga, ila ujue.

Jokari? Ukimruhusu kama karata inayopatia daima, amua papo hapo karata inayofuata italinganishwa na nini. Jokari hana juu wala chini. Jibu linalofanya kazi: ile iliyomtangulia ndiyo inayosimama.

Dhana: Swali lolote lenye jibu la namba linafaa.

Mtindo ni kuuliza watu 100 swali la ndiyo au hapana; mchezaji mmoja anataja namba ya waliosema ndiyo, wa pili anasema juu au chini. "Kati ya walimu 100, wangapi wanapenda likizo?" ni swali bovu, jibu lake liko wazi. "Wangapi wamewahi kumwita mwanafunzi kwa jina la kaka yake?" linafaa, kwa kuwa mtu anaweza kutetea 35 na mwingine 70. Majibu mengi yaangukie kati ya 25 na 75, na waulizwe watu 100 kweli, si 60 waliokuzwa kwa kikokotoo. Wachezaji wakiwa watatu au wanne, juu na chini hazitoshi kuwatenganisha: kila mmoja aandike namba kwa siri, waonyeshe pamoja, aliye karibu zaidi achukue zamu. Wakilingana, achukue aliyebaki nyuma kwenye safu.

Dhana: Karata kubwa zinachangwa kama ndogo.

Karata za karatasi ngumu ya A3 zinaonekana vizuri, na umbo lake linakaribia sana la karata ya kawaida. Kumi zenye nafasi ya sentimita 3 kati yake zinahitaji ubao wa mita 3 na sentimita 24. Kwa mtazamaji aliye mita 15, namba iwe na urefu wa sentimita 12 au 13. Lakini huwezi kuzichanga mkononi. Changa seti ya kawaida kwa kuingiliza nusu mbili mara saba, idadi iliyotokana na hesabu za wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis za mwaka 1992; kuzimwaga mezani na kuzivuruga dakika nzima pia hufaa, kuchopoa mafungu mafungu kwa mkono hakufai. Kisha mtu asiyezungumza na mwendeshaji wala wachezaji apange zile kubwa kwa mfuatano ule ule. Kabla ya onyesho zigeuze migongo zote na uzitazame ukiwa kwenye kiti cha mchezaji, taa za ukumbi zikiwa zimewashwa. Karatasi nyembamba chini ya gramu 250 kwa mita ya mraba hupitisha mwanga, na K yenye wino mwingi huonekana kama kivuli.