Tetemeko likipita Rwenzori: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Afadhali haya madogo madogo, ardhi inapumua. Kubwa halitakuja." Maneno haya husikika sana Mpondwe, mji wa mpakani mwa Uganda na Kongo chini ya milima ya Rwenzori, katika Kiswahili cha wachuuzi wa pande zote mbili, kila mabati yanapolia usiku. Yanafariji, lakini hesabu yake haikubali. Kipimo cha tetemeko kikipanda kwa namba moja, nguvu inayotoka ardhini huongezeka kama mara 32. Kikipanda kwa mbili, kama mara 1,000. Kwa hiyo ingebidi tutikiswe mara 1,000 na tetemeko la 4 ndipo itoke nguvu ya tetemeko moja tu la 6. Vyombo vilivyowekwa kuzunguka Rwenzori vimewahi kunasa mamia ya mitetemo kwa mwezi, mingi midogo kiasi kwamba hakuna anayeisikia. Maana yake ni kwamba mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa bado unatanuka. Kwamba kubwa limeepukwa, hilo vyombo havisemi.

Na kubwa lilishakuja. Tarehe 20 Machi 1966, kabla ya mapambazuko, Tooro na Bwamba, magharibi mwa Uganda, zilitikiswa na tetemeko lililokaribia kipimo cha 7. Watu zaidi ya 150 walikufa, zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa, na nyumba zilizobomoka zilikuwa maelfu. Ukimuuliza kijana wa leo kuhusu 1966 atakutajia kiongozi wa nchi Obote, Kabaka (mfalme wa Buganda) na kuvamiwa kwa ikulu yake ya Mengo mwezi Mei. Nadhani kelele za siasa ndizo zilizoyafunika makaburi ya Bundibugyo, huko huko Bwamba. Kisha Februari 1994 likaja jingine la kipimo cha 6 na ushei huko Kisomoro, karibu na Fort Portal, likaua tena. Kwa hiyo anayesema Uganda haina matetemeko ya kuua hajafika magharibi.

Wa Kampala na Masaka nao wasijione wako mbali. Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukoba, ng'ambo ya mpaka Tanzania, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi; Rakai iliumia, na hata Kampala watu walitikisika.

"Rwenzori ni volkano, ndiyo inayotutikisa." Sivyo. Ule ni mwamba wa kale ulioinuliwa na nyufa za bonde hadi mita 5,109. Volkano ziko Kisoro: Muhabura, Gahinga na Sabyinyo. (Maziwa ya kreta karibu na Fort Portal kweli ni kazi ya volkano, ila hayo ni mambo mengine.)

"Ni uchimbaji wa mafuta ya Hoima unaotutikisa." Mafuta yenyewe yalithibitishwa 2006, miaka 40 baada ya msiba wa Bwamba.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni ya nyumba: kwamba ya matofali ya kuchoma lazima iwe salama kuliko ya miti na udongo. Ukuta wa fito ni mwepesi na hupinda kidogo kabla ya kuanguka. Tofali lililounganishwa kwa tope, bila nguzo wala linta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima, hupasuka kwenye pembe na kumwangukia aliyelala. Sisemi turudi kwenye fito. Nasema fedha zinazokwenda kwenye vigae na geti la kifahari zianze kwenye linta na nondo.

Na zile jumbe za WhatsApp, "litarudi saa nne usiku, laleni nje"? Hakuna chuo wala kituo duniani kinachoweza kutaja saa ya tetemeko. Mitetemo ya kufuatia huwapo kweli, kwa siku au wiki kadhaa, ndiyo maana nyumba iliyopasuka hairudiwi kabla fundi hajaikagua. Ardhi ikianza kutikisika ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara na ulinde kichwa. Wengi huumia wakikimbilia mlangoni, kwa matofali na mabati yanayodondoka nje ya ukuta.