Chrono Trigger: mkondo mmoja wa wakati au dunia nyingi?
Wachezaji wengi wa Chrono Trigger, gemu ya Kijapani ya 1995, huamini kwamba kila ukisafiri kurudi nyuma katika wakati unazaa ulimwengu mpya, na ule wa zamani unaendelea kivyake. Hata mimi niliamini hivyo. Si ajabu, kwani Chrono Cross ya 1999, gemu iliyoifuata, ina dunia mbili sambamba.

Ila gemu ya kwanza huonyesha mkondo mmoja. Malkia akiwa hatarini mwaka 600, Marle, mzao wake, anayeyuka mbele ya Crono, shujaa wa gemu. Akiokolewa, Marle anarudi. Robo, roboti mwenzao, hubaki mwaka 600 kuotesha msitu jangwani, na wenzake humkuta mwaka 1000, amechakaa kwa miaka 400 ya kazi.

Jaribu mwenyewe: mwaka 600, mpe bure mke wa mzee wa kijiji cha Porre nyama kavu, kisha mtembelee meya wa Porre wa mwaka 1000. Meya huyo, aliyekuwa bahili, sasa ni mkarimu.